Mwanafunzi wa chuo kikuu aingie mkataba na mwajiri tangu mwaka wa kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nitoe hoja inayohusu vyuo vikuu vya Dodoma na waajiri wanaovizunguka. Kila mwaka, masomo yanapofungwa katikati ya mwaka, jiji hili hujaa vijana wenye bahasha mkononi wanaopita ofisi hadi ofisi na karakana hadi karakana wakitafuta nafasi ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini. Ndani ya bahasha mna barua ya utambulisho ambayo chuo kinamwomba mwajiri ampokee mwanafunzi kwa wiki nane hivi, na mwishoni mwa barua chuo kinamshukuru mwajiri kwa ushirikiano wake. Mimi ni mmoja wa waajiri wadogo wanaopokea barua hizo. Kampuni yangu iko Kizota, inafunga pampu za visima virefu na mitambo ya umeme wa jua katika wilaya za mkoa huu na mikoa jirani, na tumekuwa tukipokea wanafunzi wa fildi tangu tulipofungua karakana. Ninachopendekeza ni kwamba mwanafunzi wa kozi zinazohusu ufundi, biashara au huduma aingie mkataba na mwajiri tangu mwaka wa kwanza, alipwe, na miaka yake ya shahada igawanywe kwa zamu kati ya darasa na kazi. Wakati mwajiri anaendelea kuombwa tu, ataendelea kutoa kile kinachotolewa kwa mwombaji.

Nieleze kwanza jinsi wiki nane zinavyokwenda, kwa kuwa wanaopanga ratiba za vyuo mara nyingi huzijua kwa njia ya ripoti tu. Wiki ya kwanza kijana anazoea mahali, anajifunza majina ya vifaa na taratibu za usalama, kwa sababu hakuna mwajiri makini atakayempandisha mtu asiyemjua juu ya paa lenye paneli, au kumsimamisha kwenye mdomo wa kisima chenye kina cha zaidi ya mita 100 wakati pampu inateremshwa, kabla hajaona anavyoshika mambo madogo. Wiki ya pili na ya tatu anafuatana na fundi, anabeba vifaa na kujaza logibuku, daftari la kumbukumbu za kazi za kila siku. Ifikapo wiki ya nne au ya tano ndipo baadhi yao huanza kupiga hesabu za maana: maji yako kina gani, yapandishwe urefu gani hadi kwenye tangi, kijiji kinahitaji lita ngapi kwa siku, na ili zipatikane zifungwe paneli ngapi. Hapo ndipo anapoanza kunifaa nami kumfaa. Hapo hapo ndipo msimamizi kutoka chuoni anapofika, mara nyingi kwa ziara moja ya saa chache, akasaini logibuku na kutuachia fomu ya tathmini, na kijana akaanza kuandika ripoti ya kurudi nayo chuoni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; fildi yetu imepangwa kwa namna ambayo jembe likishafika mkononi mwa mgeni, siku ya kuondoka nayo imewadia.

Wanaopelekwa maofisini hali yao si bora. Wengi hupangiwa kutoa fotokopi, kupanga majalada na kupokea wageni, na wakirudi chuoni huandika ripoti ndefu kuhusu muundo wa taasisi, ambayo mtu angeweza kuiandika kwa kusoma ubao uliotundikwa mapokezi. Siwalaumu maofisa wanaowapokea. Mwajiri hakumchagua kijana huyo, hajui alichosoma, hatamwona tena baada ya Septemba, na mwakani ataletewa mwingine ambaye itabidi aanze naye upya. Ni nani atakayemtoa fundi wake bora kwenye kazi inayolipa ili akae na mtu wa namna hiyo? Kijana naye, ambaye pengine hata nauli ya daladala ameazima, anahesabu siku. Bodi ya Mikopo ina fungu la mafunzo kwa vitendo kwa wanaostahili, lakini si wote wanaolipata, na hata anayelipata amepewa deni, hajapewa ujira.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa kanda ya kati tunaliona waziwazi zaidi, nalo ni majira. Mvua za Dodoma hunyesha msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na mwaka uliobaki ni mkavu. Mwanafunzi anayekuja kwangu Julai na kuondoka Septemba huijua kazi yetu ya kiangazi peke yake. Haoni mawingu yanavyoshusha nguvu ya mtambo wa jua mwezi Januari, haoni gari linavyokwama kabla ya kufika kijijini, wala hapimi kisima kile kile mwishoni mwa mvua na tena mwishoni mwa ukame ili ajionee maji yameshuka kiasi gani. Kwa hiyo anahitimu akiwa na takwimu za nusu mwaka kichwani, kisha anaulizwa na mwajiri apendekeze pampu itakayofanya kazi miezi 12.

Zabibu ni mfano mzuri zaidi. Mkoa wetu huvuna mara mbili kwa mwaka, mara ya kwanza katika miezi ya mwanzo ya mwaka na mara ya pili kwenye Agosti na Septemba, na kati ya mavuno hayo kuna kupogoa mizabibu, kupambana na magonjwa ya majani, kupima utamu wa tunda, kukamua, kuchachusha, kusubiri na kujaza chupa. Mwanafunzi wa sayansi ya chakula, wa kilimo au wa masoko anayekwenda kwenye kiwanda cha mvinyo kwa wiki nane atakuta tunda linapokelewa getini, na ataondoka kabla juisi aliyoiona ikiingia kwenye tangi haijawa kitu cha kuuzwa. Ndivyo ilivyo pia kwa viwanda vya kukamua alizeti vya Singida na Kibaigwa, ambavyo huwa na pilikapilika baada ya mavuno na kutulia mbegu zinapopungua. Ukitaka mtu aijue kazi hiyo, sharti auone mzunguko wake mzima, tena zaidi ya mara moja.

Wenzetu wa jimbo la Baden-Württemberg, kusini-magharibi mwa Ujerumani, waliipa shida hii utaratibu ambao naona unastahili kuchunguzwa kwa makini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni za Daimler-Benz, Bosch na Standard Elektrik Lorenz za Stuttgart zilihofia kwamba vijana wanaofaulu sekondari ya juu wanakwenda moja kwa moja vyuo vikuu na kuyapa kisogo mafunzo ya viwandani, hivyo zikabuni masomo ya juu yanayofanyika kwa zamu chuoni na kiwandani. Mwaka 1974 serikali ya jimbo ikafungua vyuo vya mtindo huo Stuttgart na Mannheim. Mwaka 2009 mfumo mzima ukapandishwa kuwa chuo kikuu cha serikali ya jimbo, Duale Hochschule Baden-Württemberg, chenye makao yake Stuttgart na matawi katika miji kadhaa, wanafunzi zaidi ya 30,000 na kampuni na taasisi shirika zipatazo 9,000.

Kinachonivutia hapo si ukubwa wake, ni mlango wa kuingilia. Kijana haanzi chuoni, anaanza kwa mwajiri. Anaomba nafasi kwenye kampuni, anafanyiwa usaili kama mwombaji kazi yeyote, anasaini mkataba wa miaka mitatu, na mkataba huo ndio unaomfungulia udahili wa chuo. Kisha miezi mitatu yuko darasani, miezi mitatu yuko kazini, hadi amalize shahada. Mshahara anaupata kila mwezi, hata miezi ya darasani. Likizo ndefu ya chuo hana. Ana siku za likizo za mfanyakazi. Kipindi cha kazi hakihesabiwi kuwa mapumziko ya masomo, kwa kuwa kina malengo yaliyoandikwa, kina kazi zinazosahihishwa na alama zinazoingia kwenye matokeo, na tasnifu ya mwisho kwa kawaida hushughulikia tatizo halisi la kampuni iliyomwajiri. Darasa lenyewe ni dogo, wanafunzi 30 hivi, na sehemu kubwa ya wanaofundisha wanatoka makazini. Washirika nao wana viti kwenye mabaraza ya chuo, kwa hiyo wanapolalamika kwamba wahitimu hawajui jambo fulani, wanajilalamikia wenyewe. Tena si viwanda tu. Kuna benki, maduka, halmashauri, hospitali na mashirika ya ustawi wa jamii.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko Stuttgart. Mwaka 1906 Herman Schneider, mwalimu wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cincinnati nchini Marekani, alianza na wanafunzi 27 waliokuwa wakipokezana wiki kwa wiki, huyu darasani na mwenzake kiwandani. Chuo Kikuu cha Waterloo cha Kanada kilichoanzishwa mwaka 1957 kikajengwa juu ya mtindo huo, na leo zamu zake ni za mihula ya miezi minne.

Wala sisi hatukuwa mbali na mawazo haya. Novemba 1974, mwaka ule ule ambao vyuo vya Stuttgart na Mannheim vilifunguliwa, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba kijana anayemaliza sekondari afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, na aende huko akiwa na mapendekezo ya mahali alikofanya kazi. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye, kisha ukaachwa. Kwa maoni yangu, ulikuwa sahihi kudai kwamba mwajiri awe na kauli kuhusu nani anasoma nini, na udhaifu wake ulikuwa kutenganisha kazi na masomo kwa miaka, hata kijana anarudi darasani hesabu zimemtoka. Kabla ya hapo, mwaka 1973, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimefungua kitivo cha uhandisi kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na mafunzo kwa vitendo viwandani yakawa sehemu ya mtaala wake. Wahandisi wa rika la wazazi wetu bado hutaja viwanda walivyopitia kabla ya kutaja wahadhiri. Tofauti ni kwamba enzi hizo viwanda vingi vilikuwa vya umma na mwanafunzi alipelekwa, hakutembeza bahasha.

Hata leo, ukishuka ngazi moja chini ya chuo kikuu, utakuta mambo yamesogea. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ina mafunzo ya uanagenzi ambayo kijana hujifunza kwa kupokezana kati ya chuo na karakana ya mwajiri, na mwaka 2017 Serikali ilitoa miongozo ya kitaifa ya uanagenzi na ya mafunzo tarajali, yaani ya wahitimu wanaojifunza kazini. Matokeo yake ni kichekesho ambacho sijui kama wahusika wamekigundua: fundi mtarajiwa wa ngazi ya cheti anaweza kuwa na makubaliano ya maandishi yanayosema atajifunza nini na nani atamfundisha, lakini mhandisi mtarajiwa, ambaye kesho atamsimamia fundi huyo, anaingia getini kwa barua ya kuomba.

Kwa wahandisi, gharama ya kuchelewesha vitendo inaonekana wazi. Kijana anasoma miaka minne, kisha anayetaka kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu anahitaji uzoefu chini ya usimamizi, na mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi unaojulikana kama SEAP, ulioanza mwaka 2003, huchukua miaka mitatu baada ya shahada. Ni mpango mzuri, nami nimefanya kazi na waliopitia humo. Lakini miaka minne ukijumlisha mitatu ni saba, na sehemu ya mitatu hiyo hutumika kufundishia mambo ambayo kijana angeyajua kama angekuwa kazini kwa zamu tangu mwanzo. Madaktari hatujawahi kuwafanyia hivyo. Mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) huingia wodini angali mwanafunzi, na hakuna mzazi ambaye angekubali mtoto wake atibiwe na mtu aliyeona wagonjwa kwa wiki nane za kila kiangazi. Sijui kwa nini tunakubali maji ya kijiji yapimwe na mtu wa namna hiyo.

Sasa nije kwenye fedha, kwani najua ndipo wengi watakaponicheka. Mwajiri atamlipaje mtu ambaye nusu ya mwaka hayupo? Nijibu kama mwenye kampuni. Mwanafunzi wa zamu katika miezi yake mitatu ya kwanza ni hasara, na mwajiri akubali hivyo. Katika kipindi cha pili anarudi akizijua zana, wateja na kanuni za usalama, na hahitaji kuelezwa upya. Kufikia mwaka wa tatu ni mtu ninayeweza kumtuma Kondoa au Mpwapwa na fundi mmoja, akapima, akachora, akakadiria gharama na kurudi na taarifa ninayoiamini. Kwa ujira wa mwanafunzi huyo, kazi hiyo ni nafuu kwangu kuliko kumwajiri mhitimu nisiyemjua, nimlipe mshahara kamili, kisha nigundue baada ya miezi sita kwamba hawezi kusoma mchoro. Waajiri wetu huandika kwenye matangazo "uzoefu wa miaka mitatu" kana kwamba uzoefu huota porini kama ubuyu. Mfumo wa zamu unawalazimisha kuuzalisha wao wenyewe.

Pamoja na hayo, Serikali ina chombo cha kuwasogeza wanaosita. Waajiri wa sekta binafsi wenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa Tozo ya Kuendeleza Ujuzi, ile tunayoiita SDL, kwa asilimia ya mishahara wanayolipa. Kiwango chake kimepunguzwa hatua kwa hatua, kutoka asilimia 6 hadi 5 mwaka 2013, na kufikia 3.5 mwaka 2023. Unafuu huo ulitolewa kwa waajiri wote, wanaofundisha na wasiofundisha. Ningependa hatua inayofuata ielekezwe kwa mwajiri mwenye mwanafunzi wa mkataba: kile anachomlipa kijana, au sehemu yake, kitolewe kwenye tozo anayodaiwa. (Kampuni yangu iko chini ya idadi hiyo ya wafanyakazi, kwa hiyo hapa sijipigii debe.) Bodi ya Mikopo nayo iamue mapema kama mwanafunzi anayelipwa atapunguziwa mkopo na kwa kiasi gani, kwa kuwa kijana wa familia maskini hatathubutu kusaini mkataba ikiwa anahofia kwamba ujira mdogo utamfutia mkopo mkubwa.

Dodoma ina bahati ambayo miji mingi haina. Tangu Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia hapa kwa vitendo, wizara zimejengwa Mtumba, na jiji limepata reli ya kisasa iliyoanza kusafirisha abiria hadi hapa mwaka 2024. Uwanja wa ndege wa kimataifa unajengwa Msalato, kiwanda kikubwa cha mbolea kiko Nala, na taasisi kama TANESCO, mamlaka ya maji ya DUWASA, Shirika la Reli na Mamlaka ya Serikali Mtandao zina kazi za kila siku umbali mfupi kutoka UDOM, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, Chuo cha Mipango na Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE). Kwa hiyo mwajiri mshirika wa kwanza hapa hana budi kuwa Serikali yenyewe na mashirika yake. Najua kwamba ajira za umma hupatikana kwa usaili wa ushindani kupitia Sekretarieti ya Ajira, na si haki mwanafunzi aliyepitia taasisi fulani ahakikishiwe nafasi humo. Lakini mkataba wa mafunzo si ahadi ya ajira. Unaweza kwisha siku ya mahafali bila deni kwa upande wowote, na kijana akaondoka na cheti cha chuo pamoja na taarifa ya kazi iliyosainiwa, inayotambuliwa kuwa uzoefu.

Wapo watakaosema kwamba kampuni zitawageuza wanafunzi vibarua wa bei rahisi. Hofu hiyo ina msingi, na mimi mwenyewe ningewaonya wazazi dhidi ya waajiri ninaowafahamu ambao wakipewa kijana wa bure hawamfundishi kitu. Ndiyo maana nasisitiza mkataba. Fildi ya sasa haina hati inayomlinda mwanafunzi: haisemi atafanya kazi saa ngapi, nani atamtibu akianguka juu ya paa, wala afanye nini akipewa ufagio kwa wiki tatu. Mkataba wa mfano ukitungwa na vyuo kwa pamoja, ukaonyesha ujira, saa za kazi, bima, jina la msimamizi na mambo ambayo kijana lazima ayafanye katika kila zamu, chuo kitakuwa na haki ya kumwondoa mwanafunzi na kumfuta mwajiri kwenye orodha. Mwajiri asiye na mtu mwenye sifa za kufundisha asikubaliwe hata kama ni mkubwa kiasi gani.

Hoja nzito zaidi kwangu ni ya wahadhiri. Makundi mawili yakipokezana, somo moja litafundishwa mara mbili kwa mwaka, na mhadhiri ambaye tayari ana darasa la mamia hatafurahi kuambiwa alirudie. Sioni njia ya kulikwepa hilo bila kuongeza walimu, na baadhi yao watoke makazini kwa mikataba ya muda. Kwa upande mwingine, kila kundi litakuwa nusu ya ukubwa wa sasa, na maabara ambayo leo hukaa kimya kiangazi kizima itatumika Januari hadi Desemba. Mihula nayo itabidi ipangwe upya, na kwa kuwa Tume ya Vyuo Vikuu ndiyo inayoidhinisha mitaala, mazungumzo nayo yaanze kabla ya kutafuta waajiri.

Sipendekezi mfumo huu kwa kila kozi. Anayesoma historia au falsafa anahitaji maktaba na muda wa kufikiri, na itakuwa dhihaka kumtafutia kiwanda. Pia sioni haja ya kuanza na chuo kizima. Mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425, umevitaka vyuo viwe na kamati za ushauri zenye watu wa viwandani. Kamati ni mwanzo unaokubalika, lakini vikao vya chai na maazimio haviwezi kuchukua nafasi ya kampuni iliyotia saini na kutenga fedha. Basi kila kamati ya namna hiyo hapa Dodoma ipewe kazi ya kutafuta kozi moja tu, kwa mfano uhandisi wa nishati jadidifu, kompyuta au teknolojia ya chakula, na waajiri wa kutosha kuchukua wanafunzi 30, kampuni mbili ndogo zikiruhusiwa kugawana mwanafunzi mmoja. Usaili ufanyike pamoja na udahili, na zamu zipangwe kwa kufuata majira ya kazi husika badala ya kalenda ya likizo: wa mvinyo wawe kiwandani kwenye mavuno, wa maji wawe vijijini mara moja wakati wa mvua na mara moja kabla ya mvua.

Kwa upande wetu, tunaweza kuchukua vijana wawili wanaopokezana, kuwalipa na kuwapa msimamizi mmoja aliyesajiliwa. Chuo kitakachokuwa na ratiba ya namna hiyo kituletee rasimu ya mkataba, nasi tutaisoma na kuirudisha ikiwa na maoni yetu kabla ya udahili ujao kufunguliwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenye karakana ya pampu na umeme wa jua,
Kizota, Dodoma